Suruali ya Jinzi: Tunagombana na Kitambaa au na Mwenendo?

Katika msikiti mmoja wa mtaani, usio mbali na soko la Kariakoo, tulishuhudia jambo ambalo limetukaa moyoni hadi leo. Ilikuwa sala ya adhuhuri. Kijana mmoja, ambaye kwa kumtazama tu ni katika wale wanaotandaza nguo juu ya turubai kando ya barabara, aliwahi rakaa mbili za mwisho, akasimama kukamilisha zilizombakia. Alipotoa salamu, mzee wetu mmoja alimgeukia na kumwambia, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mabomba ya udhu, kwamba suruali aliyovaa ni vazi la makafiri na kwamba nyumba ya Allah (s.w.) si ukumbi wa dansi. Kijana hakujibu. Aliokota ndara zake akatoka. Tangu siku ile hatukumwona tena katika safu, ijapokuwa turubai lake tunapita mbele yake kila siku na salamu yetu anaiitikia vizuri.

Suruali yenyewe ilikuwa jinzi ya buluu, iliyopauka magotini.

Tumelitafakari tukio hilo kwa muda, na rai yetu ni kwamba mzee wetu alikuwa na haki katika jambo moja na alikosea katika mawili. Alikuwa na haki kwa kuwa kiuno cha suruali ile kilikuwa chini mno na fulana ilikuwa fupi, hata kijana aliposujudu ikaonekana sehemu ya mwili isiyopasa kuonekana. Hilo si dogo. Kusitiri uchi ni sharti miongoni mwa masharti ya kusihi sala, na uchi wa mwanamume kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, ni baina ya kitovu na magoti. Lakini mzee hakuyasema hayo. Yeye alizungumzia kitambaa na asili yake, naye alizungumza mbele ya watu. Kwanza tutazame hilo la kitambaa, kwani wengi katika mji huu wanaihukumu jinzi bila ya kuijua.

Jinzi ni ya nani hasa? Jina lake limetokana na mji wa Genoa, bandari ya Italia, ambako palitoka kitambaa kigumu cha pamba walichovaa mabaharia. Kitambaa kinachoitwa denimu kimepata jina lake kwa mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Waingereza nao walikuwa na jina la tatu kwa suruali za kazi za aina hiyo, nalo limetoka Dongri, mtaa wa Mumbai. Ama rangi, hiyo ni nili, na nili ni mmea ambao Wahindi waliujua na kuufanyia biashara karne nyingi kabla Mzungu hajaanza kuuza suruali. Hata neno letu suruali halikutoka Ulaya. Asili yake ni sirwali ya Waarabu, nao wakaipata kwa Waajemi. Na msomaji anayefuatilia mafundisho ya Hija anajua kwamba suruali imetajwa katika hadithi zinazoeleza nguo ambazo mwenye kuhirimia hazivai. Isingetajwa lau ingekuwa haijulikani wakati wa Mtume (s.a.w.).

Marekani iliingia baadaye. Fundi cherehani mmoja wa mji wa Reno, Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, aliombwa na mke wa kibarua amshonee mumewe suruali isiyochanika upesi. Davis akaona pakugonga vipande vidogo vya shaba kwenye pembe za mifuko, pale ambapo mshono hukatika kwanza. Hakuwa na fedha za kulinda uvumbuzi wake, kwa hiyo alimwandikia mfanyabiashara wa vitambaa wa San Francisco, Levi Strauss, mhamiaji kutoka Bavaria, na tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hataza kwa pamoja. Wateja wao walikuwa wachimba madini, wakata magogo na wachunga ng'ombe. Hakuna bwana aliyevaa nguo ile kwa hiari yake. Ilikuwa sare ya vibarua, na ilibaki hivyo kwa miaka zaidi ya sitini.

Hata hivyo, kwa sisi watu wa pwani, kisa hiki hakikuanza mwaka 1873. Wazee wanakumbuka neno merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa. Ilianza kuja Zanzibar kwa wingi katika miaka ya 1830, ikiletwa na merikebu za mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao mdogo alifika Zanzibar mwaka 1837. Nguo hiyo ilipendwa hata ikawa kama fedha: wapagazi walilipwa kwa merikani, na machifu wa njiani walitozea ushuru kwa merikani, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji.

Msomaji atafakari hapo. Pamba ya merikani ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, na aliyeichuma alikuwa Mwafrika mtumwa. Ilipofumwa na kuvushwa bahari ilinunua pembe za ndovu, na pembe hizo zilishuka pwani juu ya mabega ya Waafrika wengine, baadhi yao wakiwa watumwa pia. Nguo moja iliwala watu wa rangi moja katika pande mbili za dunia, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Vilipozuka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mwaka 1861 biashara hiyo ilidhoofika, na baadaye viwanda vya Bombay vikaitwaa nafasi yake, lakini jina merikani likabaki katika lugha yetu.

Na merikani ilipochovywa katika nili ikawa kaniki. Kaniki haihitaji kuelezwa kwa mtu wa pwani: vazi jeusi-buluu la mwanamke maskini, la mkulima, la mjakazi, lisiloonyesha uchafu na lisilochanika upesi. Pamba ya Marekani, rangi ya nili, mvaaji kibarua. Je, tofauti yake na jinzi ni ipi, isipokuwa mshono? Na hatujapata kusikia kwamba kaniki iliitwa vazi la makafiri. Bibi zetu walisali ndani yake.

Tuongeze moja, kwa wale wanaodhani kanzu imeshuka pamoja na wahyi. Vitambaa vya kanzu vinavyosifiwa zaidi katika nchi za Ghuba hufumwa Japani. Hapa kwetu weupe wa kanzu ulipatikana kwa kuisuuza katika maji yaliyotiwa nili. Hatusemi haya kwa kuidharau kanzu, kwani sisi wenyewe tunaivaa. Tunasema tu kwamba anayeuliza nguo imetoka wapi aulize kwa nguo zote.

Jambo la watu wazima kuwakamata vijana kwa sababu ya nguo nalo lina historia yake papa hapa Kariakoo. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, wa kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana, kuanzia Januari 1, 1969. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, makundi ya vijana yalijitokeza kwenye kituo cha mabasi cha Kariakoo, yakawashusha wanawake garini na kuwachania nguo, hadi polisi wakaitwa. Waliofanya hayo walidai wanalinda heshima ya utamaduni. Tunauliza: mwanamke aliyechaniwa nguo hadharani, heshima yake ilikuwa imelindwa wapi? Na ajabu ya miaka ile ni kwamba wakati vijana wa mjini wakiambiwa wavue suruali zao kwa kuwa ni za Kizungu, Wamasai walikuwa wakiambiwa waache shuka zao na wavae suruali kwa kuwa shuka si maendeleo.

Marufuku hayo yalifaulu kwa kiasi gani, kila aliyekuwa na umri wakati ule anajua. Vijana waliokuwa wakitazama filamu za wachunga ng'ombe katika majumba ya sinema ya Avalon, Empire na Odeon hawakusubiri ruhusa ya chama. Miaka michache tu baadaye mji ulijaa pekosi na bugaluu, suruali zilizofagia barabara, na viatu vya raizoni chini yake. Fimbo ya mavazi imepokewa na wengi baada ya hapo. Ofisi nyingi za serikali zina bango mlangoni lenye picha za nguo zisizoruhusiwa, na Juni 2021 mbunge mwanamke alitolewa ukumbini Dodoma kwa ajili ya suruali yake. Mabango yapo na jinzi ipo.

Kwa nini ipo? Hapa tunaomba mzee wetu atoke msikitini aende pamoja nasi Mtaa wa Kongo, kisha tuvuke hadi Mchikichini, kwenye soko la Karume. Asubuhi mapema belo linafunguliwa. Wanunuzi wamelizunguka, kila mmoja amelipia haki ya kuchagua mwanzo, na jinzi inayotoka humo haitupwi. Ikiwa ndefu inakatwa. Ikiwa pana kiunoni, fundi aliyekaa hatua tatu kutoka hapo na cherehani yake anaipunguza kabla mnunuzi hajamaliza soda. Ikiwa imepauka mno inachemshwa upya katika rangi. Nguo iliyovaliwa miaka mitatu na mtu wa Ulaya au Marekani inavaliwa mitano mingine Tandika au Manzese. Nguo za aina hiyo wakubwa wetu waliziita kafa Ulaya, wakiamini kwamba mwenyewe amekufa huko. Jina ni la dhihaka, lakini walizivaa.

Siri ya ugumu huo iko katika ufumaji. Nyuzi za urefu huchovywa katika nili mara nyingi, na nyuzi za upana huachwa nyeupe. Nili ina tabia ya ajabu: uzi ukitoka kwenye pipa huwa na rangi ya kijani, kisha ukipigwa na hewa hugeuka buluu mbele ya macho. Isitoshe, rangi hiyo haiingii hadi kiini cha uzi, hukaa juu yake, ndiyo maana nguo hupauka mahali inaposuguliwa, magotini, mfukoni na kwenye pindo, kwa kadiri ya kazi ya mwenye kuivaa. Suruali ya mbeba mizigo wa Shimoni haipauki kama ya karani. Ni nguo inayoandika habari za mvaaji, na nadhani hapo ndipo kijana wa Lindi na kijana wa London wanapokutana bila ya kujuana.

Lakini machinga haivai kwa falsafa hiyo. Anaivaa kwa sababu anakaa juani tangu alfajiri, anakimbia na mzigo begani gari la mgambo likitokea, analala chumba kimoja na wenzake watatu, na pasi ya mkaa hana. Jinzi haitaki pasi wala haionyeshi vumbi la Msimbazi. Kanzu nyeupe ingefika adhuhuri ikiwa haifai hata kufutia meza. Kijana akiacha biashara kwa dakika ishirini akaja kusali na nguo aliyofanyia kazi, kuna kosa gani? Soko la Karume lilipoteketea kwa moto Januari 2022, miezi sita baada ya moto wa soko kuu la Kariakoo, waliopoteza mitaji walikuwa hao hao wenye jinzi zilizopauka. Tuliwaombea dua mimbarini. Basi tusiwafukuze safuni.

Yapo, hata hivyo, yanayostahiki kukaripiwa katika habari ya jinzi, na ni ajabu kwamba hatujayasikia yakikaripiwa. Dunia ya fasheni iligundua kwamba matajiri wanapenda suruali mpya inayofanana na kuukuu ya kibarua. Kwa hiyo viwandani jinzi mpya ilirushiwa mchanga kwa nguvu ya mashine ili ipauke. Mchanga ule ukawa vumbi, vumbi likaingia katika mapafu ya vijana waliofanya kazi hiyo katika vyumba vilivyofungwa. Nchini Uturuki madaktari walikuta vijana wakifa kwa silikosisi, maradhi ya mapafu ya wachimba migodi, ilhali hawakuwahi kuingia mgodini. Serikali ya huko ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Wengi wa wahanga wale walikuwa vijana maskini, Waislamu, waliotoka vijijini kutafuta riziki. Walikufa ili goti la suruali ya mtu mwingine lionekane limechakaa.

Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka likiwa na viwanda kadhaa vya nguo ndani yake. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi waliamriwa warudi kazini. Walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake. Mtume (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya anayemtumia mfanyakazi kisha asimpe ujira wake, sasa itakuwaje kwa anayechukua ujira na roho kwa pamoja? Hapo ndipo palipo na dhuluma katika nguo hii, wala haipo katika rangi yake. Khatibu anayetaka mada ya Ijumaa kuhusu jinzi, mada hiyo hiyo imeshaandikwa.

Ya karibu zaidi ni pamba yetu wenyewe. Mkulima wa Shinyanga na Simiyu analima pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo inaondoka nchini ikiwa haijasokotwa hata uzi. Mwaka ule ule wa Operesheni Vijana, 1968, ndipo kilipofunguliwa Kiwanda cha Nguo cha Urafiki hapa Dar es Salaam, kwa msaada wa China, na vikafuata vya Mwanza na Musoma. Viwanda vingi vya umma vya aina hiyo vilidhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, wakati ambapo milango ya mitumba ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru. Wengine wakarudi nyuma, Tanzania ikiwemo. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Kwa maneno mengine, tulitishwa kwamba tusipokubali kuvaa suruali zao kuukuu hawatanunua suruali zetu mpya. Na suruali mpya tunazishona: katika eneo la viwanda vya kuuza nje, Mabibo, kilomita chache tu kutoka Kariakoo, mabinti wa mji huu wameshona jinzi kwa ajili ya maduka ya Marekani. Wakitoka kazini wakitaka jinzi, wananunua mtumba.

Hatusemi mitumba ipigwe marufuku kesho asubuhi. Maelfu ya familia zinakula kwa mitumba, na atakayeifunga bila ya kufungua kingine atakuwa amewaua. Tunasema tu kwamba mwenye hasira na jinzi anayo mahali pazuri pa kuipeleka.

Turudi msikitini. Masharti ya vazi la Muislamu yanafahamika, nayo hayakutaja kitambaa: lisitiri, lisioneshe mwili kwa wepesi wake wala kuuchora kwa kubana, lisiwe la kujifakharisha. Jinzi pana ya kiunoni, yenye shati refu juu yake, imetimiza hayo. Jinzi ya mtindo wa kata K, ambao vijana waliufanya fahari katika miaka ya 2000, haikutimiza, na iliyochanwa juu ya goti haikutimiza, na ile ya kubana kama ngozi ya pili haikutimiza, awe aliyeivaa ni mwanamume au mwanamke. Dada anayevaa baibui lililo wazi mbele na jinzi ya kubana ndani yake ajue kwamba baibui hilo halijamfaa kitu. Tumesema hivyo bila kuficha, wala hatuoni haya. Lakini kanzu inayoangaza mwili kwa wepesi wake nayo haikutimiza, na wenye kanzu za namna hiyo tunawajua, baadhi yao wanasali safu ya mbele.

Ama namna ya kumwambia mwenye kosa, tunacho kisa ambacho kila mtoto wa madrasa amekisikia. Bedui alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Masahaba walitaka kumkatiza. Mtume akawazuia, akamwacha amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kisha akamfundisha yule bwana kwa upole. Kijana wetu hakukojoa msikitini. Alikuja kusali, fulana yake ikawa fupi.

Tuliwapelekea wazee wa msikiti ule pendekezo. Ziwekwe shuka na misuli kumi karibu na mlango, juu ya kigingi, pamoja na kanzu chache za mikono mirefu, ili anayetoka kazini ajifunge juu ya suruali yake, asali, airudishe. Katika misikiti mingine ya mji jambo hilo lipo tangu zamani na halijaleta tatizo lolote. Wazee waliafiki. Mzee wetu yule yule, Allah amlipe, alikuwa wa kwanza kutoa misuli miwili, na mmoja haujavaliwa hata mara moja.

Lililobaki ni nani atazifua. Vijana wa halaka ya Jumamosi wamesema watafua kwa zamu, lakini sabuni hawana, na bomba la nyuma halitoi maji mchana. Anayeweza kuchangia ndoo mbili zenye mifuniko na sabuni ya mwezi mmoja aonane na imamu baada ya alasiri. Na kama kuna miongoni mwa wasomaji anayefahamiana na yule kijana wa turubai, amfikishie habari kwamba misuli ipo mlangoni, mkono wa kulia unapoingia, na kwamba mzee ameuliza habari zake.